Boza Lililonyamazishwa

Mwanamume akishindwa kusema na mkewe hutafuta spana. Sijui nani aliwafundisha hivyo, lakini ndivyo walivyo. Wengine hupanda juu ya paa kuziba bati lisilovuja, wengine huifungua redio nzima nzima kisha wakaifunga na skrubu mbili zimebaki mkononi. Faraji wa Muheza yeye aliamua kulinyamazisha boza.

Boza lenyewe lilikuwa lori kuukuu la kubebea maji, mali ya kampuni moja ya Sanaiya, kule kwenye magereji na makambi ya wafanyakazi pembeni ya Doha. Kabla halijamfikia yeye lilikuwa limepita mikononi mwa Wapakistani na Wanepali na Mmisri mmoja aliyeacha harufu ya sigara ambayo haijatoka mpaka leo. Tangi lilikuwa zima, breki zilishika, injini ilivuta. Ubaya wake ulikuwa kebini, kile chumba cha dereva. Lori la namna ile injini yake hukaa chini ya kebini, katikati ya viti viwili, imefunikwa na kifuniko chenye nundu. Kifuniko kilikuwa kimepinda. Mipira ya milango ilikuwa imekauka na kumomonyoka, na sakafuni palikuwa na matundu ambayo ukiinama unaiona lami ikikimbia. Makelele yalipanda kutoka miguuni, joto likashuka kutoka kichwani, na dereva akakaa katikati yao. Kiyoyozi kilikuwepo. Kilipuliza, hilo siwezi kukisingizia.

Faraji mwenyewe alikuwa ameshazoea. Alikuwa anabadilisha gia kwa kusikiliza, hatazami mshale wowote kwenye dashibodi, na akishuka jioni masikio humlia mpaka anapolala. Hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni Shani.

Shani alikuwa mkewe wa ndoa, na alikuwa hapo hapo Doha. Hapa ndipo watu wa nyumbani walipokuwa wakishindwa kuelewa. Ukiwaambia mume yuko Doha na mke yuko Doha, wanakujibu, basi si wanakaa pamoja, wana shida gani? Haya. Shani alikuwa mfanyakazi wa ndani katika nyumba moja mtaani Muaither, analea watoto watatu wa watu, na analala chumba kimoja na wale wadogo wawili. Faraji alilala kambini Sanaiya, chumba kimoja na wanaume ambao ukigeuka kitandani mmoja anakuuliza kama unaumwa. Kwenye simu hawakuwa na faragha, yeye huku wala mwenzake kule. Shani alipata mapumziko Ijumaa moja moja, baada ya swala mpaka magharibi, na Ijumaa ndiyo siku ambayo maboza hayapumziki, kwa sababu matangi ya watu hukauka bila kujali ibada. Faraji aliomba abadilishiwe siku mpaka akachoka. Mwishowe mudiri, yaani meneja wao, Mhindi wa Kerala ambaye naye alikuwa ameacha mke kwao, akamwambia, "Mimi sioni nani amekaa kiti cha pembeni." Na kweli hakuona.

Kwa hiyo kebini ile ndiyo ilikuwa nyumba yao. Shani alipanda pale kwenye kona yenye duka, karibu na kwa bosi wake, akazunguka na mumewe kutoka tangi hadi tangi, na jua likizama akateremshwa pale pale. Hiyo ndiyo ndoa. Na ndani ya nyumba hiyo hawakuwahi kusema neno ambalo halikupigiwa ukelele.

Sasa mkataba wa Shani ulikuwa unaisha mwezi wa kumi. Bosi wake alitaka jibu: anaongeza miaka miwili au anarudi? Na Faraji alitaka jibu hilo kuliko bosi. Alitaka abaki. Kubaki kwenyewe ni kwa Ijumaa moja moja ndani ya lori, najua, lakini mwenye njaa hachagui. Alikuwa akiiwaza Ijumaa tangu Jumamosi. Alikuwa akipita Muaither siku za kazi, hana maji ya kupeleka huko, ili tu aione ile kona.

Ijumaa moja ya mwezi wa nane alimuuliza. Walikuwa barabara kuu, boza limejaa, injini inanguruma katikati yao.

"Mama Hadijah," alipayuka, "umeamua nini?"

Shani akamsogelea, mkono mmoja ameushika mtandio usipeperuke, akasema. Alisema maneno mengi. Faraji aliiona midomo ikienda, akaona na mkono ukigusa kifua.

"Unasemaje?"

Akarudia.

"Eeh?"

Shani akamtazama kidogo, akarudi kitini kwake. "Nimesema kuna joto," alipiga kelele.

Hata kiziwi angejua kwamba maneno yote yale hayakuwa habari za joto. Faraji alijua. Lakini alivyo mtu mwenye matumaini, akajijibu mwenyewe: huyu anataka kukubali, ila nani atakubali jambo la miaka miwili huku amekaa juu ya jiko? Shani alikuwa ameshuka siku ile uso umemwiva, kichwa kinamgonga, mtandio umelowa jasho. Faraji akaapa kwamba kebini itapoa na itanyamaza, na humo ndani mkewe atasema ndiyo.

Akaanza kazi kama mtu wa Muheza anavyoanza. Nyumbani kuna fundi wa masofa, mzee mmoja wa stendi, ambaye hubandika sponji na kitambaa kwenye dari za magari kwa gundi ya viatu, na akibandika amebandika. Gari litakufa, dari itabaki. Faraji alikuwa amemwona tangu utotoni. Akaenda Najma, kwenye yale maduka madogo yanayouza kila kitu, akatafuta sponji ya godoro na gundi ya njano. Kitambaa alikichagua kwa muda mrefu. Mwenye duka alimwonyesha cha kijivu, cha magari. Faraji akakikataa, akachukua chenye maua mekundu, kwa sababu alisema moyoni hii ni nyumba, si gari.

Alibandika siku yake ya mapumziko, jasho linamchuruzika ndani ya macho. Dari yote, na nyuma ya viti, na milango. Alipomaliza akakaa humo akaitazama kazi yake, akatabasamu peke yake. Injini aliiwasha kidogo tu. Kelele ilikuwepo, lakini alijiambia imepungua, na mtu akishalipenda jambo masikio yake humtii.

Ijumaa Shani akapanda. Akatazama juu, akatazama maua, akaweka mkono mdomoni.

"Umefanya wewe?"

"Nani mwingine?" alisema Faraji, akijifanya si kitu.

Muheza jua ni jua, sikatai. Lakini gundi ya Muheza haijawahi kukutana na bati la lori lililoachwa nje Doha mwezi wa nane. Walikuwa hawajafika mbali. Faraji aliona kwanza upande wa kulia umelegea kidogo, akauinua kwa mkono. Ukalegea wa kushoto. Akainua na huo, akashika usukani kwa magoti. Walipoingia kwenye mzunguko, dari nzima ikaachia, sponji na maua yake na gundi inayovutika kama asali, ikamshukia Shani kichwani ikamfunika mpaka mapajani. Amekaa humo chini kama bibi harusi anayesubiri kufunuliwa.

Faraji akasimamisha boza kando, anaona haya kiasi cha kutaka kuingia chini ya kiti. Akamfunua. Shani alikuwa anacheka. Machozi yalikuwa yakimtoka, mabega yanaruka, mdomo wote wazi. Na Faraji, mume wake, aliyekaa karibu naye kuliko watu wote wa dunia ile, hakukisikia kicheko. Alikiona tu. Injini ilikuwa inanguruma, nje malori yanapita, na kile kicheko, ambacho huko Muheza kilimfanya aulize, huyu ni binti wa nani, kilipita mbele ya macho yake bila sauti. Alijisikia vibaya kuliko alivyoweza kueleza. Miaka yote ile alidhani wako pamoja.

Siku ya pili yake akamwendea Omondi.

Omondi alikuwa Mkenya wa chumba cha jirani, kazi yake kufunika mabomba ya hewa baridi kwenye majengo kwa ile sponji nyeusi ya mpira yenye karatasi ya kung'aa mgongoni. Mabaki ya sponji hiyo hutupwa, na Omondi hakuwa mtu wa kuona kitu kizuri kinatupwa. Chini ya kitanda chake palikuwa na ghala. Alikuja, akapanda kebini, akawasha injini, akafumba macho akasikiliza. Kisha akazima.

"Faraji, wewe umefunika sufuria juu na chini iko wazi," alisema. "Hii kelele yako inapitia hizi mashimo. Ziba mashimo kwanza. Hizo maua zako ni za baadaye."

"Maua hayahusiani."

"Maua inahusiana, buda. Inaonyesha akili yako iko wapi." Akainama upande wa abiria, akapeleka mkono chini ya dashibodi, akautoa haraka. "Hapa umewahi kushika?"

Faraji akashika, naye akautoa mkono.

"Hita imewaka, hii ya kupasha kebini wakati wa baridi," alisema Omondi. "Doha, mwezi wa nane, na bwana mkubwa anaendesha na hita. Hii koki imeoza ikiwa wazi, maji moto ya injini inapita hapa siku zote. Mnapigana na jua na adui mko naye ndani."

Nakwambia Faraji alikaa chini. Miguu ya Shani ndipo ilipokuwa ikikaa, pale pale, Ijumaa zote zile. Alikuwa anampikia mkewe miguu na huku analaumu jua.

Wakaanza. Kwanza wakakata ule mpira wa maji ya hita wakauunganisha nje, maji ya moto yasiingie tena kebini. Kisha matundu ya sakafu: yale makubwa wakayafunga kwa vipande vya bati na ribiti, yale madogo wakayaziba kwa mpira, na pale pedeli zinapopita wakashona kipande cha ngozi. Kifuniko cha injini wakakigonga mpaka kikanyooka, wakakizungushia mpira mpya pembezoni na kukivisha ile sponji nyeusi kwa ndani, uso wa kung'aa ukitazama injini. Mipira ya milango Omondi aliing'oa kwenye lori lililokufa huko gerejini. Dari ikapata sponji yake, safari hii imeshikwa kwa skrubu na vipande vya alumini, gundi ikabaki kuwa msaidizi. Na juu ya paa wakapaka rangi nyeupe. Ilikuwa kazi ya jioni baada ya jioni, baada ya kazi ya watu.

Katikati ya kazi hiyo Omondi aliuliza, bisibisi mdomoni, "Kwani unataka kusikia nini sana hivi?"

"Redio."

"Redio yako ni kifo. Hata waya haina."

Faraji akaendelea kukaza skrubu iliyokwisha kukazwa.

"Mficha uchi hazai," alisema Omondi. "Niambie tu."

Ikabidi aseme. Alisema yote, mkataba, na mwezi wa kumi, na kicheko alichokiona bila kukisikia. Akasema na lile ambalo hakuwahi kumwambia mtu, kwamba usiku mwingine hujaribu kuikumbuka sauti ya mkewe ya kawaida, ile ya kuomba kikombe cha maji, na anashindwa, anaipata ya kupayuka tu. Omondi naye alikuwa na mke Kisumu. Akachukua kipande kingine cha sponji akaenda kuvisha na ukuta wa nyuma, ambao hawakuwa wamepanga kuuvisha.

Siku waliyomaliza, Faraji alilitoa boza barabarani akapata taabu ya kuendesha. Hakusikia gia inapoomba kubadilishwa. Alikwenda na gia ya tatu mpaka lori likaanza kutetemeka, na ilibidi ajifunze kutazama ile mishale ya dashibodi ambayo hakuwa na urafiki nayo. Lakini alikohoa, akakisikia kikohozi chake. Akasema "Bismillahi" kwa sauti ya chini, akaisikia. Akasema "Shani," akaisikia hiyo pia, akaona haya kama kuna mtu ndani.

Ijumaa ikafika. Shani akapanda pale kwenye kona, akafunga mlango, na mlango ukafunga kwa kishindo kidogo kizito, kama wa gari la tajiri. Makelele yote ya Muaither yakabaki nje. Boza likaondoka.

"HABARI ZA TANGU WIKI ILE?" alipiga kelele Shani.

"NZURI!" alipiga kelele Faraji.

Wakatazamana. Shani ndiye aliyetangulia kuelewa. Akashusha sauti, kidogo kidogo, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole cha mguu.

"Usinipigie kelele," alisema. "Mimi nipo hapa."

Na Faraji akaisikia. Ndiyo hiyo, ile ya kuomba kikombe cha maji. Ilikuwa na mkwaruzo kidogo mwishoni ambao alikuwa ameusahau kabisa, na alipousikia akajifanya anatazama kioo cha pembeni.

Alipeleka tangi la kwanza, akapeleka la pili. Kati ya tangi na tangi walikuwa wakisema mambo madogo madogo, kwa starehe, kama watu waliokaa ukumbini kwao. Shani alisema viatu vinambana. Akasema mtoto mkubwa wa bosi ameng'oka jino. Alipotafuna karanga Faraji alizisikia zikivunjika. Kebini ilikuwa na ubaridi wa haja, Shani akaulegeza mtandio, na usoni hapakuwa na jasho. Faraji alimwona anavyopumua, taratibu, na alifurahi mno, kwa sababu kila kitu kilikuwa kinakwenda kama alivyokipanga. Alikuwa akisubiri tu neno lenyewe.

Walisimama kununua chai ya karak, ile nzito ya maziwa na iliki, ukipiga honi wanakuletea mpaka dirishani. Faraji akaliegesha boza kwenye kivuli cha jengo, injini inaunguruma kule chini kwa mbali, kama ya jirani. Shani alikunywa chai yake yote. Akaikunja ile glasi ya karatasi mara mbili, akaiweka mapajani.

"Baba Hadijah," alisema, "mimi narudi."

Alilisema kwa sauti ile ile ya viatu vinavyobana. Faraji alisikia kila herufi.

"Miaka miwili tu, Shani."

"Miwili ndiyo tuliyosema mara ya kwanza."

"Tukiwa pamoja si afadhali?"

"Tuko pamoja?" aliuliza, bila ubaya. Kisha akaendelea kabla hajajibiwa, akiitazama ile glasi. "Juzi yule mtoto mdogo wa bosi alianguka kwenye ngazi. Mama yake alikuwa karibu kuliko mimi, Faraji, amesimama hapo hapo. Mtoto akampita mama yake akanikimbilia mimi, akaniita mama. Nami nikamwitikia, mwanangu. Sikufikiri, lilinitoka. Mama yake akanitazama, na mimi nikamwonea huruma. Jioni ile Hadijah akapiga simu kutoka kwa bibi yake. Akaniita mama. Nikamwambia subiri, nina kazi. Nilipomaliza kazi alikuwa ameshalala."

Hadijah alikuwa binti yao, wa pekee. Waliondoka Muheza akiwa hajui kufunga kamba za viatu, na sasa yuko darasa la kwanza, meno ya mbele hana.

"Bibi yake anamtunza vizuri," alisema Faraji.

"Anamtunza. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Mimi ni mama yake kwa simu."

Faraji alishika usukani wa lori lililosimama. "Kwa nini hukuniambia siku zote?"

"Nilikuambia. Ijumaa ngapi nimekuambia? Unasema eeh, narudia, unasema eeh." Akageuka akamtazama. "Na nisikudanganye, ulipokuwa hunisikii nilikuwa nashukuru. Nasema, haya, nimeshasema, na bado hajajua. Narudi nyumbani kwa watu na Ijumaa nyingine nakuja tena. Kama ungeniacha kwenye yale makelele labda ningeongeza hata hiyo miaka miwili, sijui. Lakini leo utasema nini? Humu ndani unasikia mpaka mate nikimeza."

Hapo, wallahi, Faraji alilichukia boza. Alitamani achukue bisibisi afungue kila skrubu waliyoikaza, achomoe sponji, ayatoboe matundu yote upya. Alikuwa amejenga chumba kwa mikono yake ili mkewe abaki, na hicho chumba ndicho kilichompa nafasi ya kuaga.

"Hii kebini niliitengeneza kwa ajili yako," alisema. Sauti ilimgeuka.

"Najua. Hakuna aliyewahi kunifanyia kitu kama hiki." Akamshika mkono, akautoa kwenye usukani. "Njoo na wewe. Tuondoke wote."

"Nyumba yetu ya Muheza imefika kwenye lenta tu. Bado paa, bado milango. Tukirudi wote nani ataimaliza?"

"Tutakaa chini ya lenta."

"Na mvua?"

Walikaa hivyo, mkono ndani ya mkono, na kwa kuwa kebini ilikuwa kimya walisikiana wakilia, kila mmoja akijaribu mwenzake asisikie. Kulikuwa bado na tangi moja la kupeleka. Wakalipeleka.

Mwezi wa kumi Shani akaondoka. Bosi wake alimpeleka uwanja wa ndege mwenyewe, asubuhi ya siku ya kazi, na Faraji wakati huo alikuwa amefunga mpira wa maji kwenye tangi la kambi moja, hawezi kuuacha. Aliiona ndege moja ikipanda. Huenda ilikuwa nyingine.

Boza likapata sifa. Madereva wenzake walikuja kukaa humo kidogo, wakafunga mlango, wakatikisa kichwa. Omondi alipata wateja, akawa mtu wa maana Sanaiya nzima. Mudiri naye alipanda siku moja, akakaa kiti cha abiria, akasema hiki ni chumba cha kulala. Faraji aliitikia tu. Ijumaa alikuwa akipita ile kona ya Muaither, na mara mbili alisimama kabla ya kukumbuka. Kimya kilimkalia vibaya. Zamani alikuwa na makelele ya kumchukulia mawazo. Sasa alikuwa akiyasikia yote, moja moja, kuanzia Sanaiya hadi tangi la mwisho.

Shani alikuwa akimpigia kutoka Muheza. Alikuwa amenenepa kidogo, alisema. Hadijah analala naye kitanda kimoja na anapiga mateke. Alipozungumza alikuwa na sauti ya mtu aliyekaa chini baada ya kusimama muda mrefu, na Faraji aliifurahia na ikamuuma, vyote pamoja.

Ijumaa moja mchana alikuwa kwenye foleni ya kujaza maji, maboza yamepangana mbele na nyuma, injini zote zinanguruma kwa ajili ya viyoyozi. Simu ikaita. Safari hii alikuwa Hadijah mwenyewe, amempora mama yake.

"Baba, uko wapi?"

"Niko kwenye gari, mama."

"Mbona kimya? Limezimika?"

"Halijazimika. Linanguruma."

"Mbona halisikiki?"

"Mimi na rafiki yangu tulilinyamazisha, ili nikusikie wewe."

Mtoto akafikiri. Faraji alimsikia akifikiri, alisikia pumzi ikipita kwenye lile pengo la meno, alisikia na kuku huko uani kwao, na kijiko kinachokoroga kitu. Alimsikia na Shani kwa nyuma akisema, mwulize taratibu.

"Ni lile la maji?"

"Ndiyo, ndilo hilo."

"Linaweza kufika Muheza?"

"Likitaka litafika."

"Basi unakuja nalo lini?"

Foleni ilikuwa haijasogea. Kebini ilikuwa baridi, safi, kila skrubu mahali pake, na kule Muheza watu wawili walikuwa wamenyamaza wakimsubiri. Faraji akaweka mkono kwenye kishikio, akateremsha kioo mpaka chini. Joto likaingia, na nyuma yake mngurumo wa maboza yote.

"Eeh?" alisema. "Unasemaje, mama? Sikusikii."